Safari za Likizo za Mzee Kubiak

Kofia ililetwa mezani ndani ya mfuko wa nailoni, bado mbichi kwa umande. Sajenti Denise Haberkorn aliitazama bila kuigusa. Ilikuwa ya kitambaa chepesi cha kijani, ukingo umechakaa, na ndani yake mtu alikuwa ameandika kwa wino: W. Kubiak, chumba 114.

"Imeokotwa kwenye benchi kando ya Ziwa Alder," alisema Sherifu Lyle Pruett. "Hatua ishirini kutoka majini. Mzee ana miaka themanini na tatu, hajaonekana tangu Alhamisi, na leo ni Jumanne. Boti ya wapiga mbizi itashuka majini saa saba mchana."

"Sasa hivi ni saa tatu."

"Ndiyo nakwambia. Una saa nne za kunionyesha kwamba mimi ni mpumbavu. Nitashukuru ukifaulu."

Denise alikuwa amefanya kazi chini ya Pruett miaka kumi na tisa, na alijua kwamba mzaha wake huwa mwembamba zaidi anapoogopa. Alichukua daftari lake akaenda mapokezi.

Nyumba ya wazee ya Birch Hollow, alikoishi Kubiak, ilikuwa imepambwa kwa ajili ya Halowini, sikukuu ya mizimu ya mwisho wa Oktoba. Popo wa karatasi walining'inia darini, na juu ya kaunta boga lililochongwa meno matatu lilikuwa limeanza kunywea. Kitabu cha wakazi wanaotoka kilikuwa wazi. Kwenye mstari wa Alhamisi palikuwa na mwandiko mnene, uliosimama wima kama uzio: Wendell Kubiak. Likizo. Kaunti ya Door, pamoja na mpwa wangu Dale. Kurudi Jumapili.

Dale mwenyewe alipatikana kwa simu kiwandani, anakotengeneza jibini. Alikuwa akilia waziwazi. Hakuwa amemwona mjomba wake tangu Pasaka. Hakukuwa na safari yoyote ya Kaunti ya Door. Msimamizi wake alichukua simu akathibitisha kwamba Dale hakukosa zamu hata moja tangu mwanzo wa mwezi. Denise alilikata jina la Dale daftarini.

Mzee alidanganya, basi. Lakini mtu hudanganya kwa sababu nyingi, na si zote zinaishia majini.

Aliomba ufunguo wa 114.

Kilikuwa chumba cha mtu aliyezoea kuendesha basi: kila kitu mahali pake, kila kitu karibu na mkono. Kubiak alikuwa amewapeleka watoto shuleni na kuwarudisha nyumbani kwa miaka thelathini na minne, na picha za mabasi ya njano zilikuwa zimepangwa ukutani kama ukoo wake. Mke hakuwahi kuoa, mtoto hakuwa naye. Denise alifungua kabati. Kitundikio kimoja cha suti kilikuwa kitupu. Tai zilikuwa nne kwenye waya wa kutosha tano. Kofia nzito ya baridi haikuwapo. Chini, kando ya kitanda, palikuwa na kopo la rangi ya viatu likiwa wazi, na brashi juu yake.

Alilinusa. Harufu ya rangi bado ilikuwa kali.

Bafuni, dawa za moyo za wiki mbili zilikuwa zimechukuliwa, na mafuta ya nywele pia.

"Lyle," alisema kwenye simu, "ile kofia ni ya kiangazi. Alikuwa akitembea ziwani kila siku, kaisahau tu. Huyu alipiga viatu rangi, akavaa tai, akabeba dawa za siku kumi na nne. Nani anajizamisha akiwa na dawa za siku kumi na nne?"

"Mtu anaweza kubadili mawazo njiani."

"Anaweza."

"Basi boti inabaki palepale."

Alikata simu, akasonya, akaketi kwenye kiti cha mzee. Mezani palikuwa na rundo la jarida la nyumba ile, lile linalotoka kila mwezi likiwa na karatasi mbili zilizobanwa pini. Kila nakala ilikuwa imekunjwa ukurasa wa pili, wenye kichwa: Wakazi Wetu Safarini. Denise akaanza kusoma.

Bwana na Bibi Tillotson walikwenda Yellowstone, wakaona dubu wawili, mmoja akiwa mbali mno kuaminika. Bibi Engebretson alikwenda Florida kwa binti yake na kurudi mapema, hakusema kwa nini. Kisha, katika nakala baada ya nakala, kwa miaka miwili, Bwana Kubiak.

Bwana Kubiak alitembelea Ashland. Ziwa Superior lilikuwapo. Viti vya barazani vina mito. Chakula cha jioni saa kumi na moja kasorobo, pamoja na jeli ya machungwa.

Bwana Kubiak alitembelea Prairie du Chien. Mto unapita karibu. Wanawake kumi na wanane, wanaume wanne. Chakula cha jioni saa kumi na moja kamili.

Bwana Kubiak alitembelea Rice Lake. Mlango wa nyuma hufunguliwa kwa namba. Wanawake ishirini na sita. Chakula cha jioni saa kumi na moja kasorobo.

Safari saba. Denise alizisoma zote mara mbili, kisha akainuka kwenda kumtafuta mhariri.

Bi Bernadine Zastrow alikuwa na miaka themanini na minane na alikuwa amefundisha sarufi maisha yake yote. Chumba chake kilikuwa na taipureta, mafaili, na paka wa kauri aliyezuia mlango usijifunge.

"Nimeshawaambia wenzako," alisema kabla hajaulizwa. "Wendell anapenda maziwa na mito. Mwanaume akipenda maji, anapenda maji. Andika hivyo."

"Bi Zastrow, wewe ndiye uliyehariri habari za safari zake?"

"Kila neno. Hakuhitaji kuhaririwa sana. Mtu wa maneno machache."

"Kaenda Ziwa Superior, akatuambia habari za mito ya viti."

"Kila mtu na macho yake."

"Hoteli gani inagawa chakula cha jioni saa kumi na moja kasorobo?"

Bi Zastrow akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena.

"Hapa mnakula saa ngapi, bibi?" Denise akauliza taratibu.

"Saa kumi na moja kasorobo."

"Na mlango wa nyuma wa upande wa wenye kusahau unafunguliwa kwa namba. Nimeuona. Mzee hakuwa likizo. Alikuwa akizunguka kwenye nyumba za wazee za jimbo zima, akihesabu wanawake. Alikuwa akimtafuta mmoja. Nani?"

"Nilimwahidi nisiseme."

"Saa saba mchana wanaanza kumtafuta chini ya ziwa kwa ndoana."

Kikongwe akashika ukingo wa meza. "Kwa ndoana? Wendell?" Sauti ilimtoka ndogo. "Kaa chini, binti. Kaa chini, nami niliapa, Mungu atanisamehe."

Alieleza kama aliyezoea kueleza darasani.

Palikuwa na Arlys Nordgaard, mjane, chumba 116. Kwa miaka minne yeye na Wendell walikuwa wakitunga maswali ya Halowini ya jarida, kwenye meza ya dirishani, Oktoba nzima. Wengine wote walichoka na maswali hayo, wao hawakuchoka. Walianza kuyatunga Septemba, baadaye Agosti. Kisha Arlys akaanza kusahau: kwanza siku, halafu majina. Mwanawe, Curt, akaja akawaona wameshikana mikono.

"Aliropoka mbele ya wauguzi," Bi Zastrow alisema. "Eti baba yake hajamaliza miaka mitano kaburini, na mama yake anashikwashikwa na dereva wa basi. Asubuhi moja ya Juni, Wendell katoka kwenda kupimwa macho, Curt akaja na gari. Wendell aliporudi alikuta 116 kitupu. Hata kibandiko cha jina mlangoni kimebanduliwa. Akauliza ofisini, wakamwambia sheria hairuhusu. Akawauliza wauguzi, sheria hairuhusu. Yeye ni nani kwake? Si mume, si ndugu. Hakuna kisanduku cha mtu kama yeye kwenye fomu."

"Ndipo akaanza safari."

"Tunasema asiyekuwapo na lake halipo. Uongo mtupu. La Arlys lilikuwapo kila siku. Wendell hakuruhusu mtu akikalie kiti cha Arlys cha dirishani. Bwana Tillotson alijaribu mara moja, na Bwana Tillotson alikuwa mwanajeshi wa majini. Akahama."

"Na safari hii? Mbona hakwenda kwa siku mbili kama kawaida?"

Bi Zastrow alivuta faili. Jarida, alisema, hutumwa pia kwa nyumba nyingine za kampuni ileile, na karatasi za majibu hurudi kwa posta. Yeye hukusanya, Wendell husahihisha. Jumatano iliyopita ilikuja moja isiyo na jina. Aliiweka mezani.

Maswali yote yalikuwa matupu isipokuwa la tisa. Zamani, usiku wa Halowini, msichana alirusha ganda la tufaha nyuma ya bega lake. Kwa nini?

Jibu sahihi, alisema kikongwe, ni kwamba ganda likianguka huwa na umbo la herufi, nayo ndiyo herufi ya kwanza ya jina la atakayemwoa. Lakini chini ya swali, kwa mwandiko uliokuwa ukipanda na kushuka kama njia ya mlimani, palikuwa pameandikwa: Langu lilikuwa M. Lakini huenda nilisimama upande usio wake.

Denise alisoma, akainua macho. "Sijaelewa."

"Marehemu mumewe aliitwa Melvin. Alirusha ganda akiwa na miaka kumi na saba, akaona M, akaolewa na Melvin, wakakaa miaka hamsini na nane. Hadithi hiyo alimsimulia Wendell peke yake, naye Wendell akanisimulia mimi." Bi Zastrow alinyoosha kidole kirefu. "Sasa igeuze hiyo herufi, binti. Juu chini."

Denise aliigeuza karatasi. M ilikuwa imegeuka W.

"Bahasha iko wapi?"

"Aliichukua. Akaibusu hapo hapo ulipo. Mzee mzima yule! Sikujua nitazame wapi."

Lakini karatasi aliiacha, na karatasi ilikuwa na upande wa pili. Waliotoa nakala huko Arlys alikokuwa walikuwa wabana matumizi, walitumia orodha ya vyakula iliyokwisha muda. Jumatatu, kuku. Jumanne, supu ya mbaazi. Jumatano, lefse alizopika Bibi Tollefsrud wa Westby. Ijumaa, kwaya ya vijana saa nane.

Lefse. Mikate myembamba ya viazi ya Wanorwei, na Westby kwa Wanorwei ni kama chungu kwa ugali. Denise alimpigia mwenzake wa ofisini, akapewa nyumba tatu za wazee zilizo karibu na Westby. Alijua akiuliza mgonjwa fulani yupo au hayupo atajibiwa kwamba sheria hairuhusu. Akauliza jambo lingine.

Nyumba ya kwanza hawakuwa na kwaya Ijumaa. Ya pili hawakuwahi kusikia lefse za Bibi Tollefsrud. Ya tatu, Coulee Ridge, simu ilipokewa na mwanamke mchangamfu.

"Kwaya ya vijana? Ndiyo, walikuja. Waliimba ovyo, lakini tuliwapigia makofi."

"Mmepata mtu wa kujitolea siku hizi? Mgeni, mzee, amevaa tai?"

"Ah, Bwana wa Maswali! Kaja Ijumaa na jarida mkononi, akasema anatembeza maswali ya Halowini kwenye nyumba za wazee. Tumempenda! Anakuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Kwani vipi, kuna tatizo?"

"Hapana," Denise alisema. "Ila msimwambie nimeuliza."

Pruett alimsikiliza hadi mwisho. "Umemwona kwa macho yako?"

"Bado. Ni mwendo wa saa mbili kwa gari."

"Basi nenda. Nikisikia sauti yako kabla ya saa saba, boti inarudi. Nisipoisikia, inashuka. Familia yake iko hapa ufukweni, Denise. Siwezi kuwaambia habari za maganda ya matufaha."

Aliendesha gari kupitia mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Kwenye vibaraza vya nyumba, mavazi ya mifupa na mizimu yalikuwa yameketishwa vitini kusubiri Halowini ya Ijumaa. Aliingia Coulee Ridge saa sita na dakika arobaini.

Ukumbini wazee kama ishirini walikaa nusu duara. Mbele yao alisimama mzee mrefu, amepinda kidogo mabegani, suti ya kijivu, nywele zimelazwa kwa mafuta, viatu vinang'aa.

"Kabla ya maboga," alikuwa akisema, "watu wa Ayalandi walichonga nini?"

"Viazi!"

"Karibu sana. Kinakaa chini ya udongo, lakini si kiazi."

"Tanipu!" alifoka bibi mmoja, na kuwatazama wenzake kama aliyeshinda kesi.

"Tanipu. Haya, zile peremende za umbo la punje za mahindi, zamani ziliitwaje?"

"Riziki ya daktari wa meno!"

Wakacheka. Mzee alicheka nao. "Ziliitwa chakula cha kuku, mabibi na mabwana. Na sasa la mwisho." Macho yake yalivuka vichwa vyote hadi dirishani, ambapo mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizosukwa alikaa amewapa mgongo, akitazama uwanja wa kuegesha magari. "Msichana alirusha ganda la tufaha nyuma ya bega lake. Kwa nini?"

Yule wa dirishani hakugeuka. Mzee alingoja. Alingoja kupita kiasi cha mchezo, hata wengine wakaanza kutazamana. Mwishowe yule wa tanipu akasema, "Kupata mume, si ndiyo? Mimi lilianguka kama nyoka, nikampata nyoka kweli."

Katikati ya kicheko, Denise alionyesha kitambulisho chake kiunoni. Mzee alikiona. Akaja taratibu hadi korido, akisawazisha tai.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Wewe, bado dakika kumi. Kofia yako imeokotwa ziwani, Mzee Kubiak. Wapo na boti."

Akafumba macho. "Ilibaki kwenye benchi. Mungu wangu. Dale?"

"Dale yupo ufukweni."

"Nilisahau. Afande, naapa, nilisahau kama kuna Jumapili." Akaegemea ukuta. "Siku ile ya karatasi alikuwa mzima. Mhudumu wake kanihadithia: kaamka, kaomba kalamu, kaandika jibu moja, kalala. Siku kama hiyo huja mara moja kwa mwezi, huenda mbili. Nilipofika tu nikajua nimechelewa nayo. Basi nangoja nyingine. Leo ni ya tano niko hapa."

"Anakufahamu?"

"Ananiita bwana. Kwa adabu sana."

Denise alifungua daftari. "Lazima nikuulize maswali matatu ya kazi. Umetoka Birch Hollow kwa hiari yako?"

"Kwa hiari."

"Kuna mtu amekulazimisha au kukudhuru?"

"Hapana. Hakuna."

"Mtu mzima mwenye akili zake akipatikana salama, ana haki ya kutaka alipo pasitajwe. Si kwa ndugu, si kwa wasimamizi, si kwa yeyote anayeuliza. Unataka hivyo?"

Wendell Kubiak alimtazama kama asiyeamini kwamba lugha ileile iliyomfungia milango miaka miwili inaweza kumfungulia mmoja. "Mwambieni Dale niko salama na namwomba radhi. Nitampigia mwenyewe jioni. Wengine, ndiyo. Pasitajwe."

Denise akaandika. Kisha akapiga simu. Nyuma ya sauti ya Pruett injini ya boti ilikuwa ikinguruma.

"Nimemwona, Lyle. Mzima, amevaa tai. Rudisha watu."

Pumzi ndefu ilimfikia. Alimsikia akipiga kelele kwa wengine, na injini ikazimwa. "Yuko wapi hasa?"

"Ameomba pasitajwe."

"Denise!"

"Ni haki yake. Ukurasa wa kumi na mbili wa mwongozo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Msimamizi wa Coulee Ridge alikuwa amekwisha kutokea mwisho wa korido, mwanamke wa kadi shingoni na wasiwasi usoni. "Samahani, afande. Huyu bwana ni nani? Kama ana uhusiano na mmoja wa wakazi wetu, tuna orodha za familia. Kuna mtoto wa mkazi anakuja Jumamosi, naye ni mkali."

"Ni mtu mzima aliyetoka kwake kwa hiari," Denise alisema. "Zaidi ya hapo sheria hainiruhusu kusema."

Jumamosi ilikuwa siku nne mbele. Denise aliihesabu pia, na alijua kwamba daftari lake halikuwa na ukurasa wa kumzuia Curt Nordgaard.

Alirudi ukumbini kuchukua koti. Wengine walikuwa wamepelekwa kulala kidogo. Wendell alikuwa amesimama kando ya dirisha, mikono nyuma, kama abiria asiye na uhakika wa kituo chake.

"Usiku utaingia baridi," alimwambia yule mwanamke.

"Naona," Arlys Nordgaard alijibu bila kuondoa macho nje. Sauti yake ilikuwa nyororo na ya kijana kuliko uso. "Lakini siwezi kuondoka hapa, bwana. Utaniwia radhi. Kuna mtu kaenda kupimwa macho asubuhi. Kaniambia hatakawia."

Denise aliuona mkono wa Wendell ukishika mkono wa pili nyuma ya mgongo, ukiubana hadi vifundo vikawa vyeupe.

"Wendell jina lake," Arlys alieleza, kama anayempa mgeni siri njema. "Wanamtia dawa machoni, akitoka haoni vizuri. Akija asiponiona hapa dirishani, atadhani nimekwenda zangu. Nami siwezi kumfanyia hivyo. Mtu mwenyewe mpole, hatauliza mara mbili."

"Atauliza," Wendell alisema kwa shida. "Nadhani atauliza kila mahali."

"Unadhani?"

"Nina hakika, mama."

Kwa mara ya kwanza yule mwanamke akageuza uso akamtazama, akamtazama tai, viatu, nywele zilizolazwa kwa mafuta. Denise alisimama na koti mkononi, hakuthubutu kulivaa lisije likafanya sauti. Macho ya yule mwanamke yalikaa juu ya uso wa mzee, yakautafuta, yakaukosa, yakarudi kwenye uwanja wa magari.

"Na wewe umependeza hivyo," alisema, "unamngoja nani?"

"Kuna mtu namngoja."

"Kakawia?"

"Kidogo."

Arlys Nordgaard alisogea taratibu kwenye kochi, akakusanya sketi yake upande mmoja, akapiga kwa kiganja mahali palipobaki.

"Basi kaa," alimwambia. "Kungoja peke yako kunachosha."